Mgombea wa Darasa la Saba

Ipo nchi iitwayo Shwari, na asiyeijua asijisumbue kuitafuta, maana wenyewe wenye nchi wakati mwingine huipoteza. Ni nchi ya amani. Amani yake ni kubwa kiasi kwamba kila mtaa umewekewa askari wa kuilinda isitoroke. Wanashwari hupiga kura kila unapowadia wakati wake, na mshindi hujulikana mapema ili watu wasije wakapatwa na presha bure. Lakini msidhani kwamba kwa sababu hiyo wanaupuuza uchaguzi. Hakuna nchi inayouandaa uchaguzi kwa mapenzi kama Shwari.

Mwaka ule ulikuwa wa kuchagua madiwani. Muhula wa kwanza ulipokuwa ndiyo kwanza umeanza, Waziri wa Elimu na Uchaguzi, wizara mbili zilizounganishwa ili kubana matumizi, alisimama mbele ya vipaza sauti akatangaza kwamba shule zote za umma zifungwe mara moja, zigeuzwe vituo vya kupigia kura. Kura zenyewe zingepigwa mwishoni mwa mwaka.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "sanduku la kura si ndoo, useme leo unalitua hapa, kesho unalitumia. Sanduku linahitaji kuzoea mazingira! Wataalamu wetu wamekwenda nchi za nje, wamekaa huko miezi mingi kwa niaba yenu, wakagundua kwamba sanduku lililozoea darasa halina wasiwasi, na kura zinazotumbukizwa ndani yake hutulia. Mtoto anaweza kusoma wakati wowote wa maisha yake. Kura ina siku yake!"

Watu walipiga makofi, kwa kuwa ratiba ilionyesha kwamba hapo watapiga makofi.

Shule za kulipia, ambako watoto wa Waziri walikuwa wakisoma, hazikuguswa. Shule hizo zina bustani za maua, na wataalamu walionya kwamba mpiga kura akiona maua anaweza kusahau alichotumwa.

*

Katika kata ya Mtundwi, pembezoni kabisa mwa nchi, shule ilikuwa moja tu, na mwalimu mkuu wake aliitwa Gaudensia Nyoni. Alikuwa mjane, mnene wa kiasi, mwenye sauti iliyoweza kumrudisha mtoro aliyekwisha kuvuka mto. Miaka yake ya kustaafu ilikuwa imekaribia, na darasa la saba la mwaka ule lilikuwa ndilo alilopanga kuagana nalo. Watoto wale alikuwa amewapokea wakiwa hawajui hata penseli inashikwa upande gani. Sasa walikuwa wakibishana naye juu ya hesabu, na mara mojamoja wakimshinda, jambo lililomfurahisha mpaka akajizuia kucheka.

Aliyekuja kufunga shule alikuwa Bwana Mwombeki, msimamizi wa uchaguzi wa kata, mtu mpole, mwenye mihuri mingi na asiyependa ugomvi. Alifika na gari lililojaa masanduku. Watoto wakaambiwa watoke na madaftari yao, masanduku yakaingia. Kwa kuwa ilikatazwa sanduku la kura kuwekwa chini, yalikalishwa kwenye madawati, mawilimawili. Darasa la kwanza, ambalo watoto wake siku zote walikuwa wakikaa sakafuni, lililetewa madawati mapya siku ileile.

"Bwana Mwombeki," Mwalimu Gaudensia aliuliza akiwa mlangoni, "na mtihani wa darasa la saba?"

"Mtihani uko palepale, Mwalimu. Karatasi zimekwisha kuchapwa. Kilichofungwa ni shule."

"Sasa watafanya mtihani wa nini, na hawakufundishwa?"

"Mwalimu wangu," Bwana Mwombeki alisema kwa upole, akibandika karatasi yenye muhuri juu ya kitasa, "hilo ni swali la Elimu. Mimi niko upande wa Uchaguzi."

"Si wizara moja?"

"Ni moja. Ila sisi tuko ghorofa ya juu."

Mwalimu Gaudensia hakuwa mtu wa kukaa na kushika tama. Juma lililofuata aliwakusanya watoto barazani kwake, akatumia mlango wa jikoni kama ubao. Walifika kwenye sehemu, yaani nusu na robo na jamaa zao, kabla mgambo hawajaingia uani na kutangaza kwamba hapo pana shule isiyosajiliwa. Walimnyang'anya chaki na kuunyofoa mlango kama kielelezo. Wiki nzima alipika huku kuku wa jirani wakimwingilia jikoni kama wakwe.

Alikwenda tena kwa Bwana Mwombeki, safari hii si kwa kulalamika. Alikwenda kuuliza.

"Nani anaruhusiwa kuingia katika kituo?"

"Mimi, polisi na wagombea."

"Wagombea wanaingia kufanya nini?"

"Mikutano ya kampeni. Tume imetoa vituo vyote vitumike bure, ili watu wasizibe barabara. Asubuhi mpaka jioni, siku zote za kazi."

"Na wanaohudhuria mikutano, ni lazima wawe wapiga kura?"

Bwana Mwombeki alicheka. "Ingekuwa hivyo, Mheshimiwa Diwani angehutubia nani? Mikutano yake imejaa watoto siku zote. Ndio wanaofuata gari la muziki. Sheria inasema wananchi tu, haikutaja umri."

Mwalimu Gaudensia alivuta kiti, akaketi. Kisha akasema, "Naomba kugombea udiwani."

Kalamu ilimponyoka Bwana Mwombeki. Sheria ya Shwari ilimruhusu mtu kugombea bila chama, lakini iliruhusu hivyo kwa kuwa hakuna aliyewahi kujaribu. "Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini, "unajua kwamba mtumishi wa umma akigombea anahesabika kuwa amejiuzulu? Kazi imekwisha siku hiyohiyo. Kiinua mgongo ndiyo basi tena. Na kushinda..." Hakumalizia, kwa sababu hakutaka kumvunja moyo mapema.

"Sijasema nataka kushinda. Nimesema nataka kugombea."

Alitia sahihi. Alipofika nyumbani alikaa kwenye kigoda jikoni kusikokuwa na mlango, akalia mpaka ugali ukaungua. Kisha akanawa uso, akachonga penseli.

*

Mkutano wake wa kwanza wa kampeni ulifunguliwa saa mbili asubuhi katika chumba cha darasa la saba. Wananchi walihudhuria wakiwa wamevaa sare. Masanduku yalisogezwa ukutani kwa heshima zote.

Jeshi la polisi lilimtuma Koplo Lutengano akae nyuma, asikilize, na kutoa taarifa kwa simu ya upepo kila litakapotamkwa neno la uchochezi. Koplo Lutengano alikuwa mtu mrefu kupita kiasi. Jeshi lilimchukua kwa urefu huohuo, maana shule aliishia darasa la nne, mwaka ambao shule ya kwao ilifungwa kupisha sherehe za uzinduzi wa shule. Alijikunja kwenye dawati, magoti yakagusana na kidevu.

"Ndugu wananchi!" Mwalimu Gaudensia aliita.

"Naaam!"

"Sera yangu ya kwanza ni sehemu! Mkinichagua, na hata msiponichagua, nusu ya robo itabaki kuwa sehemu moja ya nane!"

Koplo aliinamia simu. "Afande, mgombea anasema nusu ya robo ni sehemu moja ya nane."

Simu ilikoroma. "Anamlenga nani?"

"Hajamtaja, Afande."

"Ndiyo mbinu yao. Endelea kusikiliza."

Baada ya saa moja Koplo alinyoosha kidole, akasema kwa masikitiko kwamba kanuni inautaka mkutano wa kampeni uwe na vibwagizo, vinginevyo atalazimika kuutawanya. Mwalimu Gaudensia alifikiri kidogo, akainua ngumi juu.

"Saba nane!"

Darasa likalipuka: "Hamsini na sita!"

"Saba tisa!"

"Sitini na tatu!"

"Hawasikii! Nane tisa!"

"Sabini na mbiliii!"

Vibwagizo vilisikika mpaka sokoni. Wauza nyanya wakaanza kuitikia bila kujua ni chama gani. Siku ya pili darasa la sita lilikuja kuomba nalo lihesabiwe miongoni mwa wananchi, na wiki ilipokwisha madarasa yote yalikuwa yameingia kwenye siasa. Walimu wengine, waliokuwa majumbani wakilipwa mishahara ya kutofundisha, walijitokeza mmojammoja wakawa timu ya kampeni. Mmoja alishika sera ya mimea. Mwingine akashika sera ya mito na milima, na hata asiyejua kuimba akapewa vibwagizo vya Kiswahili, vya umoja na wingi.

Koplo Lutengano aliripoti yote. Mwanzoni aliripoti kwa wasiwasi, kisha kwa bidii, na mwishowe akawa anaripoti kwa uchungu pale Afande wake alipokuwa haelewi. "Hapana, Afande, unagawanya kwanza, halafu ndiyo unajumlisha," alisikika akisema siku moja, na simu ikakatwa upande wa pili.

*

Diwani wa Mtundwi, Mheshimiwa Salehe Kipukuswa, alikuwa amepita bila kupingwa tangu alipoota mvi ya kwanza. Habari za mikutano ya Mwalimu zilimfikia akiwa anapimwa suti ya kuapishiwa.

"Watu wanajaa?" aliuliza.

"Wanajaa, Mheshimiwa," msaidizi wake alijibu. "Kila siku. Walewale."

"Amewapa pilau?"

"Hajawapa."

"Fulana?"

"Wanakuja na mashati yao. Mashati meupe."

Mheshimiwa Kipukuswa aliketi, suti ikiwa bado na pini. Katika maisha yake yote ya siasa hakuwahi kuona mtu akirudi kwenye mkutano ambao jana yake hakupewa kitu. Alidai haki yake ya kuhutubia kituoni, akaja na gari la muziki na vijana wa kushangilia. Mwalimu Gaudensia akampisha mbele kwa adabu, akakaa pembeni na mikono mapajani.

"Ndugu zangu wa Mtundwi!" alinguruma Mheshimiwa. "Mimi ni mtu wa vitendo! Katika kipindi changu nimetekeleza ahadi zote kwa asilimia mia mbili! Nani kama mimi? Vyoo vya shule hii nimeviongeza kwa asilimia mia mbili!"

Vijana wake walishangilia. Binti mmoja aliyeitwa Tunu, mwembamba, mwenye kigugumizi kidogo, alinyoosha mkono. Mheshimiwa, aliyezoea kuulizwa kama atagombea tena, akamruhusu kwa tabasamu.

"Shi... shikamoo, Mheshimiwa. Asilimia mia mbili ya vyoo vingapi?"

"Ya vyote, binti yangu!"

"Havikuwepo, Mheshimiwa. Asilimia mia mbili ya sifuri ni sifuri."

Haikuwa nia ya Tunu kumwaibisha mtu. Alidhani ni swali la mtihani. Lakini darasa lilikuwa limefundishwa kuitikia majibu sahihi, likaitikia "Sifuriii!" kwa sauti moja, na kule sokoni wauza nyanya, wasiojua kilichoulizwa, wakaitikia "Sifuri!" nao. Mheshimiwa aliondoka kabla ya muziki wake.

Kesho yake aliweka pingamizi kwa Bwana Mwombeki. Dai lake lilikuwa zito: kwamba mgombea Gaudensia Nyoni hafanyi kampeni bali anafundisha, tena anafundisha mahali ambapo Serikali imepafunga makusudi.

Shauri lilisikilizwa palepale shuleni, mbele ya masanduku. Shahidi alikuwa mmoja tu, Koplo Lutengano, kwa kuwa ndiye mtu mzima pekee aliyehudhuria mikutano yote bila kukosa, hata siku aliyokuwa na likizo.

Bwana Mwombeki aliipanga mihuri yake juu ya meza. "Koplo, jambo lenyewe ni jepesi. Kufundisha ni pale mtu anapotoka na kitu kichwani ambacho hakuja nacho. Mkutano wa siasa ni pale mtu anapotoka kama alivyokuja. Umehudhuria mikutano hii miezi yote. Sema kweli: umejifunza kitu?"

Mwalimu Gaudensia aliangalia sakafu. Alijua kilichokuwa kichwani mwa Koplo, kwa sababu alikiweka mwenyewe. Wiki ile tu Koplo alikuwa amempelekea barua mama yake, barua ya kwanza aliyoiandika bila kumwomba mtu amwandikie, na kabla ya kuituma alimletea Mwalimu aikague nukta zake.

Koplo alisimama. Urefu wake ulifanya ionekane kama anasimama kwa muda mrefu.

"Sijajifunza chochote, Bwana Msimamizi," alisema.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nilivyoingia ndivyo nilivyotoka."

Alikuwa askari mnyoofu, asiyezoea uongo. Alikwepa kumtazama Mwalimu, asije akadhani kwamba alimaanisha.

"Basi ni mkutano halali wa siasa," Bwana Mwombeki aliamua, akagonga muhuri. "Pingamizi limetupwa."

*

Siku ya mtihani ilifika. Mama mmoja mkavu alitoka wilayani na bahasha zilizofungwa kwa lakiri, hajali shule imefunguliwa au imefungwa, anachojali ni dawati na dawati yaachane. Watoto walikaa. Wengine walikuwa wamepakwa mafuta usoni mpaka wakang'aa kama maandazi. Karatasi zikagawiwa, kimya kikashuka, kile kimya cha kalamu na pumzi.

Koplo Lutengano alimsogelea Mwalimu Gaudensia kwa ncha za viatu.

"Mwalimu," alinong'ona, "kuna tatizo. Huu ni mkutano. Mkutano usiokuwa na hotuba ni mkusanyiko usio halali. Afande akiuliza mgombea anasema nini, nimjibu nini?"

Mwalimu Gaudensia aliwatazama watoto wake, vichwa vimeinama, ndimi zikichungulia pembeni mwa midomo.

"Mwambie leo mgombea anawasikiliza wananchi."

Koplo alitoka nje, akainua simu. "Afande, mgombea anawasikiliza wananchi." Kimya. "Ndiyo, Afande. Anawasikiliza. Hapana, hasemi chochote. Saa nzima sasa." Kimya kingine. "Hata mimi sijawahi kuona, Afande."

Wakati huohuo gari la muziki lilitokea kwenye kona ya barabara, spika zimeelekezwa madirishani. Mheshimiwa Kipukuswa alikuwa amekaa mbele, na alikuwa ameambiwa siku ile ni siku gani. Muziki ukalipuka. Ndani Tunu aliziba sikio moja kwa kiganja, kalamu ikisita juu ya karatasi, na Mwalimu Gaudensia akapiga hatua kuelekea mlangoni, akasimama. Hakuwa na amri yoyote ya kutoka nje na kumzuia mtu. Alikuwa mgombea tu.

Koplo Lutengano alikwenda akasimama katikati ya barabara, mkono juu.

"Mheshimiwa, zima muziki. Ni marufuku mikutano miwili kufanyika mahali inaposikilizana."

"Mkutano uko wapi hapa? Mbona sisikii kitu?"

"Mgombea anawasikiliza wananchi."

Mheshimiwa Kipukuswa alichungulia dirishani. Alimwona Mwalimu Gaudensia amesimama mbele ya halaiki ya watu, amefunga mdomo, na halaiki yote inaandika. Uso ulimbadilika rangi.

"Hiyo sasa ni rafu," alisema.

"Zima muziki, Mheshimiwa, ama nikukamate kwa kuvuruga kampeni."

Na kwa kuwa katika nchi ya Shwari hapakuwahi kuonekana koplo akimwambia diwani maneno kama hayo, dereva alidhani ni amri kutoka juu, akazima muziki, akazima na gari.

*

Uchaguzi wenyewe ulikwenda kwa utulivu mkubwa. Matokeo yalitangazwa mchana, foleni ikiwa bado ndefu, ili waliochoka warudi makwao wakapumzike. Mheshimiwa Salehe Kipukuswa alipata kura zote. Gaudensia Nyoni hakupata hata moja.

"Bwana Mwombeki," Mwalimu alimfuata ofisini, "mimi nilijipigia."

Bwana Mwombeki alikuna shingo. "Kura yako niliiona, Mwalimu. Iliharibika. Umeweka tiki ya kusahihishia."

Mwalimu Gaudensia alicheka mpaka akashika meza. Ilikuwa kweli kwamba hakujua kuweka tiki nyingine. Bwana Mwombeki naye alicheka kidogo, akitazama mlango. Lakini wote wawili walijua kwamba kazi yake Mwalimu imekwenda na haitarudi, na kicheko hakikuweza kulifunika jambo hilo kwa muda mrefu.

Akawa mkulima wa viazi vitamu. Shule haikufunguliwa mara moja. Ilitangazwa kwamba masanduku yamefanya kazi ngumu na yanahitaji kupumzika.

Kisha matokeo ya mtihani yakatoka. Nchini kote watoto wa shule za umma walianguka kama maembe ya upepo, isipokuwa Mtundwi. Mtundwi iliongoza, ikazipita hata zile shule zenye maua. Waziri wa Elimu na Uchaguzi alikuja mwenyewe na msafara, jukwaa likajengwa uwanjani, na watu wakatolewa mashambani kuja kufurahi. Mwalimu Gaudensia alisimama nyuma kabisa na jembe lake begani.

"Tulipozifunga shule," Waziri alisema, "wapo waliobeza. Leo ukweli umejidhihirisha! Nimeuliza: ni shule ipi ilifungwa kikamilifu kuliko zote? Nikaambiwa ni Mtundwi, shule ambayo mwalimu wake mkuu hata kazini hayupo. Ni shule ipi imeongoza? Mtundwi! Ndugu wananchi, takwimu hazidanganyi. Elimu yetu ilikuwa ikiangushwa na shule! Kwa hiyo, ili kuinua kiwango cha ufaulu, natangaza kwamba shule zote za umma, za msingi na za sekondari, zitaendelea kufungwa. Na kwa kuwa mwakani kuna uchaguzi wa wabunge, masanduku yabaki humohumo."

Cheti cha Ufungaji Bora wa Shule kilipokelewa na Mheshimiwa Diwani Kipukuswa kwa niaba ya jamii, akiwa katika suti ambayo sasa haikuwa na pini. Alilia machozi ya kweli.

Siku chache baadaye Tunu alifika shambani kwa Mwalimu, godoro la sponji limeviringishwa kichwani. Alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari ya wasichana, ile ya bweni, mbali, na amekwenda mpaka huko, na amerudi.

"Mwa... Mwalimu, shikamoo. Wamenirudisha. Nimekuta masanduku yamelala bwenini. Kila sanduku na kitanda chake."

"Marahaba, mwanangu. Tua mzigo."

Tunu hakutua. "Kwa hiyo nilifaulu bure?"

Mwalimu Gaudensia alimtua godoro yeye mwenyewe, akamwosha miguu kwa maji ya mtungi kama mtu amwoshavyo mgeni wa heshima, akampa kiazi cha moto. Akamtazama akila. Hasira ilimpanda polepole, kama uji unavyopanda sufuriani usipoutazama.

Alasiri ile alivaa gauni lake la kanisani na kuteremka kwenda ofisi ya Tume. Njiani alikutana na Koplo Lutengano, hana sare, amebeba mkungu wa ndizi aliokusudia kumpelekea.

"Shikamoo, Mwalimu. Nilikuwa nakuja kwako." Koplo alikanyagakanyaga, kisha akalitoa swali lake. "Nilitaka kuuliza, kampeni nyingine zinaanza lini? Maana tuliishia kwenye desimali."

"Marahaba, Koplo. Zinaanza nikishatia sahihi. Ndiyo naelekea huko."

"Udiwani tena?" Koplo alishtuka. "Si mpaka ipite miaka mitano?"

"Ubunge," alisema Mwalimu Gaudensia, hakupunguza mwendo. "Kata haina sekondari hata moja. Jimbo zima linazo tatu, na mojawapo ni ya bweni."

Koplo alimfuata kwa hatua zake ndefu, mkungu begani.

"Mwalimu," akauliza, "mkutano wa kampeni unaweza kulala?"

"Twende tukaulize," alisema Mwalimu.